Nusu ya Jogoo

Jumatatu, 3 Machi

Imeamuliwa. Kikundi chetu cha kutarizi kinakwenda jijini kwenye Maonyesho Makuu ya Uzi na Sindano, Jumamosi ya tarehe 22. Imeamuliwa na Mwenyekiti, maana yake imeamuliwa na wote. Kumbi nne, vibanda mia tatu, na watu wanaovuka mipaka kuja kutazama vitambaa. Mwenyekiti ametutangazia haya kwa sauti ya mtu aliyetoka mbinguni jana na kurudi na vipeperushi.

Miaka thelathini nashika sindano, sijawahi kufika. Kila mwaka palikuwa na sababu. Mtoto anaumwa. Hoteli ninayofanyia kazi imejaa wageni. Baba watoto ana mkutano. Mwaka huu nimetafuta sababu nikaikosa: watoto wamehama, hoteli inapiga miayo, na baba watoto amestaafu, anashinda sebuleni akitengeneza redio ambayo haikuwa mbovu.

Nimejiandikisha. Nimefurahi mpaka nikajionea haya. Umri huu!

Jumatano, 5 Machi

Ratiba imetoka. Ina rangi tatu: kijani kutazama, bluu kununua, nyekundu kwenda haja. Ndiyo, haja. Saa nne na robo, na saa saba kamili. Nimeuliza, mtu akibanwa saa tano je? Mwenyekiti kaandika swali langu kwenye daftari. Litajadiliwa.

Na sare pia. Aproni ya njano, mfuko mbele, jina la kikundi mgongoni kwa herufi za kutarizi, kila moja ukubwa wa kiganja. Ili tusipoteane. Kwa njano ile, rubani akipita juu atashuka kuuliza kulikoni.

Kazini nimemweleza Mama Pasi, mwenzangu wa chumba cha nyuma pale hotelini. Yeye anapiga pasi, mimi naziba shuka zilizotoboka na mifuko ya makoti ya wahudumu. Kasikiliza mpaka mwisho, pasi hewani. Kisha kauliza: siku tano unashona, ya sita unakaa garini kwa saa tatu ukawatazame wenzio waliokwisha kushona? Wachimba mitaro nao hutembeleana mitaroni?

Nimesema ni sanaa. Amesema haya.

Alhamisi, 6 Machi

Mwenyekiti kagawa katalogi. Ukurasa wa thelathini na moja.

Leo siandiki.

Ijumaa, 7 Machi

Haya, niandike. Nani atasoma?

Ukurasa wa thelathini na moja, kazi namba 214. Jina la dada yangu, herufi kwa herufi, na picha ndogo kama stempu. "Tandiko la kitanda, sehemu. Pamba. Limetariziwa na mama. Halijakamilika."

Halijakamilika! Watu wanasafirisha kazi zao kwa malori, wamezipiga pasi mara saba, na dada yangu anapeleka kitu ambacho hakijakamilika na kukiandika hivyohivyo bila haya. Huyo ndiye dada. Siku zote mambo yake ni wazi, wenye kuficha ni sisi wengine.

Tandiko lenyewe nalijua. Nusu yake nyingine iko chumbani kwangu, juu ya kabati, ndani ya foronya.

Mama alilitarizi miaka yake minne ya mwisho. Maua pembeni, na katikati jogoo mkubwa mwekundu, kifua mbele, mguu mmoja umeinuliwa. Jogoo huyo nilimchora mimi, kwa penseli, kwa mkono wangu. Mama alikufa jogoo akiwa karibu aishe. Hakusema tandiko ni la nani. Mimi nilisema ni langu, kwa sababu ya penseli. Dada akasema ni lake, kwa sababu ya miaka minne. Tukabishana siku tatu. Siku ya nne tukaligawana.

Tuligawana kweli. Kwa mkasi. Mafundi wawili wa nguo, na futi ya kupimia, na chaki. Hatukukosea hata uzi mmoja. Yeye alipata mkia na mguu mmoja. Mimi nilipata kichwa na mguu mmoja. Haki bin haki.

Miaka tisa sasa. Tukikutana kwenye harusi za watoto, tunakaa meza zinazotazamana kwa mbali na kusifia chakula.

Jumapili, 9 Machi

Baba watoto kaiona katalogi mezani, imefunguka palepale. Mtu anayeshindwa kuiona chumvi iliyo mbele yake. Kavaa miwani, kasoma, kavua miwani. Akasema, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune; yeye kalima miaka tisa, mgongo unamuuma, lini atavuna?

Nimemwambia arudi kwenye redio yake.

Akasema tena, bila kuinua kichwa: "Mwandikie tu kwamba utakuwepo."

Nimemwambia siendi kwa ajili ya dada. Naenda kwa ajili ya nyuzi. Ukumbi wa tatu una nyuzi za pamba rangi mia tano, na hapa mjini tunazo nyekundu mbili, moja ya damu na moja ya nyanya. Amesema sawa. Nachukia anavyosema sawa.

Jumanne, 11 Machi

Nimempigia Mwenyekiti kumwambia labda sitaweza. Goti. Nikalisimulia goti hilo kwa ufasaha. Mwenyekiti akaniambia pole sana mwenzetu, aproni yangu imeshatariziwa, na kwenye gari nimepangiwa kiti cha mbele, goti litanyooka. Kisha akaniuliza ni goti lipi. Nikasema la kulia. Akasema juzi kwenye mkutano nilikuwa nachechemea la kushoto. Sikuwa nachechemea kabisa! Kanitega, na nimenaswa.

Basi naenda.

Halafu kanisomea taarifa mpya, yeye husoma kila kitu. Mwenye kazi ukutani anatakiwa asimame kando yake kuanzia saa nane hadi saa tisa mchana, awaeleze wageni. Kwa hiyo dada atakuwepo. Si picha ya stempu tena. Dada mzima, na mikono yake imefungwa nyuma kama mkaguzi wa shule.

Nimeitazama ratiba ya rangi tatu kwa heshima mpya. Ukumbi wa pili, wa kazi za ukutani, tunaupitia saa tano. Saa nane mimi niwe ukumbi wa tatu, kwenye nyuzi, nimeinamia kapu. Nitaiona nusu yake bila kuonana naye. Mpango mzuri. Mwizi angeuonea wivu.

Ijumaa, 14 Machi

Leo nimepanda kiti nikashusha ile foronya. Baba watoto alikuwa dukani, sina shahidi.

Kwa kweli nilipiga kazi. Niliposhika ile nusu miaka tisa iliyopita, jambo la kwanza nilikunja ule ukingo uliokatwa, nikaupinda mara mbili, nikapitisha cherehani mara mbili, mshono ule wa hotelini unaovumilia mashine ya kufulia. Mita mbili za pindo. Halafu jogoo akawa anaonekana kama aliyegongwa na gari, kichwa na kifua na mguu mmoja, kisha hakuna. Basi nikamtarizia nyasi. Nyasi ndefu za kijani, nene, pale alipokatikia, ili aonekane amejificha. Mgeni akimtazama atasema, tazama jogoo mjanja.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ufa niliziba siku ileile, na ukuta nikajenga vilevile.

Na kwa kuwa hakuna anayesoma, niandike na hili. Niliandika "tuligawana." Futi alishika dada. Chaki alishika dada. Mkasi nilishika mimi. Na kabla ya mkasi alikuwa ameniambia neno moja tu, kwa upole, ndiyo maana liliuma: "Wewe ulikuwa unakuja na maua. Mimi nilikuwa nafua shuka za mama." Ndipo nikasema basi tugawane. Nilidhani atanizuia. Naye, nadhani, alidhani nitaacha. Tukafika mwisho wa kitambaa, kila mmoja akimngoja mwenzake.

Lilikuwa neno la kweli. Nilikuja na maua. Mara nne kwa miaka minne.

Jumatatu, 17 Machi

Aproni imefika. Imenibana. Mwenyekiti anasema si aproni iliyopungua.

Nimemwonyesha Mama Pasi ile nusu, kisingizio nataka aipige pasi. Kaipiga polepole, pembe kwa pembe. Kisha kageuza upande wa nyuma, kama tunavyofanya wote wa kazi hii, maana mbele ni uongo na nyuma ndiko kwenye ukweli. Akapapasa nyasi zangu kwa kidole. Akasema nyasi hizi zimeshonwa na mtu mwenye hasira, kila mshono umevutwa mpaka kitambaa kimejikunja.

Nikasema ni mtindo.

"Mtindo wa nani?" akauliza.

Alhamisi, 20 Machi

Nimeamua nitaibeba. Kwa sababu moja tu, na ni ya kitaalamu: nyekundu ya jogoo wa mama siipati madukani. Fundi hanunui uzi kwa kumbukumbu. Anaenda na kitambaa, anaweka uzi juu yake, anatoka nje kwenye mwanga, anatazama. Kila mtu wa kazi hii anajua hivyo. Baba watoto, ambaye hajui kutia uzi kwenye sindano, kasikiliza maelezo yote haya nami sikuwa nimeulizwa.

Akasema sawa.

Ijumaa, 21 Machi

Mfuko tayari. Mkasi mdogo, sindano, miwani, maji, daftari hili, foronya. Kikundi kimekumbushwa kwa simu mara sita kwamba gari linaondoka saa kumi na mbili kamili asubuhi, na kwamba atakayechelewa ataachwa. Wote tunajua atakayechelewa ni Mwenyekiti.

Nimejiuliza nitasema nini nikikutana naye kwa bahati mbaya. Nimejaribu mbele ya kioo. "Habari za siku nyingi." Kama karani wa benki. "Ooh, na wewe upo?" Upo, si jina lake limechapishwa! "Dada." Hilo peke yake lilitoka vizuri, lakini baada yake hapakuwa na kitu.

Nimeanza kutafuta udhuru mwingine. Si goti.

Jumamosi, 22 Machi

Saa mbili na nusu, ndani ya gari. Mwenyekiti kachelewa dakika arobaini. Ratiba yote imesogea, haja zetu pamoja nayo.

Saa nne na nusu. Mlangoni. Maonyesho makubwa ya ushonaji, na mikasi hairuhusiwi kuingia! Askari kachukua mkasi wangu kautupa kwenye kisanduku chenye mikasi mia mbili, kila mmoja na kikaratasi cha jina. Nikamuuliza anadhani humo ndani tunakata kwa meno. Akasema mama, ni utaratibu. Sindano amenirudishia. Nimechomwa na sindano mara nyingi kuliko mkasi, lakini mimi nani.

Ndani ni pakubwa. Sikutegemea. Nilidhani nitakuja kukosoa, nimejiandaa kabisa kukosoa, na nikasimama mlangoni mdomo wazi kama mtoto. Rangi mpaka darini. Na watu elfu nzima wanageuza vitambaa kutazama nyuma. Elfu nzima! Miaka yote hii nilidhani ni sisi watatu wanne tu wenye ugonjwa huu.

Saa tano na nusu. Nimeiona.

Niko kwenye mkahawa wa ghorofani, kibarazani juu ya ukumbi wa pili. Wenzangu wameendelea na rangi ya bluu. Nimesema goti. Acha niandike kwa mpangilio, vinginevyo nitalia mbele ya watu wanaokunywa chai.

Namba 214 iko kwenye kona, karibu na mlango wa dharura. Maua ya mama. Mkia. Mguu mmoja. Dada hajaongeza kitu. Hata uzi mmoja wake mwenyewe juu ya kazi ya mama hakuna. Kando pamebandikwa kadi ya mwamuzi: kutarizi kuzuri sana; pindo la upande mmoja halijashonwa; alama zimepunguzwa. Mabibi wawili mbele yangu walikuwa wakisikitika. Mmoja akasema kweli, kazi nzuri hivi, kwa nini mtu asipinde tu ukingo?

Ukingo uliokatwa haujapindwa. Umeshikizwa tu. Kwa mkono, uzi mweupe, mishono mirefu ya kulegea, ile tunayoweka siku ya kwanza ya kushona nguo ili ishike kwa muda, kisha unavuta ncha moja yote inatoka. Hakuna fundi anayeweka mshono huo kwa bahati mbaya. Mshono huo una maana moja tu duniani: hapa bado, kuna kipande kinakuja.

Nikasogea karibu nikavaa miwani. Kitambaa kimekuwa cha rangi ya maziwa kwa uzee. Uzi wa kushikiza ni mpya. Mweupe, wa mwaka huu. Uzi wa namna ile hauwezi kukaa miaka tisa, unachakaa, unakatika. Kwa hiyo amekuwa akiutoa na kuurudishia. Mwaka hadi mwaka kaushikiza upya, na leo kapunguziwa alama kwa sababu yake, mbele ya jiji zima.

Na mimi nina nyasi.

Saa sita. Nimeshuka, nimenunua. Kumbi nne, vibanda mia tatu, nyuzi rangi mia tano, na kitu changu cha kwanza kununua ni kisu kidogo cha kufumulia, cha mpini wa plastiki, ambacho hotelini ninavyo kumi. Kinachoruhusiwa kuuzwa ndani hakiruhusiwi kuingia kutoka nje. Ni utaratibu.

Nimetandaza nusu yangu mezani. Mhudumu kasogeza kikombe bila kuuliza. Mshono wa nje unafumuka. Ule wa ndani ni balaa. Nani alishona hivi? Mtu huyu afukuzwe kazi.

Saa saba na robo. Mita moja imetoka. Vidole vinawaka. Mwenyekiti kapanda ngazi kunitafuta, aproni yake inatangulia. Akaniuliza nafanya nini. Nimesema nalinganisha uzi. Kaitazama meza, nyuzi zimetapakaa, kitambaa kimekunjuka, kichwa cha jogoo kinamkodolea. Kaifungua ratiba. Kaitazama. Kisha, haki ya nani, kaikunja kaitia mfukoni, akasema gari litangoja.

Saa nane na dakika tano. Amekuja.

Namwona kutoka hapa juu. Amekuwa mdogo. Dada yangu alikuwa mrefu, nina hakika alikuwa mrefu. Nywele zote nyeupe. Amesimama kando ya namba 214, mikono nyuma. Watu wanapita, wanasoma kadi, wanamwambia kitu, naye anaitikia kwa kichwa. Bila shaka wanamwambia kuhusu pindo. Hajibishani. Amevaa viatu vizuri.

Nimebakiza nyasi. Zile nilizovuta. Pindo likitoka nyasi zikibaki, ukingo haukunjuki, unajikunyata tu kama mtu aliyepigwa. Lazima zitoke zote. Chini yake naanza kuona wekundu wa mama. Kumbe nilikuwa nimefunika hata wekundu wenyewe! Mishono kama ishirini hivi ya mwisho, imelegea kidogo, mkono wake ulikuwa umeanza kutetemeka. Nilikuwa nimesahau. Nilidhani naficha mkato.

Saa nane na nusu. Bado. Nilifanya kazi nzuri mno, Mungu anisamehe, miaka thelathini najisifu kwamba mishono yangu haifumuki.

Naweza kushuka hivihivi, na nyasi. Angeelewa. Hapana, siwezi. Nilikwisha kuja na maua mara nne, yatosha.

Saa nane na dakika hamsini. Ameangalia saa ya ukutani. Mabibi wamepungua. Ametoa miwani yake mkobani akaukagua ule ukingo, akaupapasa kwa kidole kutoka juu mpaka chini, taratibu, kama anayehakikisha mlango haujafungwa. Sasa anatazama watu. Anatazama aproni za watu, mgongoni, moja moja, anasoma majina ya vikundi. Jina la kikundi chetu lina mji wetu ndani yake. Dada anajua mji wangu.

Mimi aproni nimeikalia.

Saa tisa kasoro dakika tatu. Imebaki shubiri moja, palepale penye mguu. Kisu kimepoteza makali, natumia sindano. Anafunga mkoba. Nimevaa aproni, nimesimama, kitambaa kiko begani, naandika nimesimama kama mwendawazimu, na mkono unaotakiwa kufumua ndio huu ulioshika kalamu, sasa kwa nini bado naandi